Kifaru cha bati: shajara ya kutengeneza Ha-Go kwa kipimo cha moja kwa kumi

Naiandika shajara hii kwa ajili ya yeyote atakayetaka kutengeneza kifaru kama hiki kwa vifaa vya mtaani. Kila hatua ikikamilika naongeza sehemu mpya. Kazi za kawaida kama kupima, kukata na kupiga msasa nitazipita haraka. Palipokwama ndipo nitakapokaa, kwa sababu hapo ndipo pesa na muda vinapopotelea.

11 Januari 2025. Kifaru gani, na kwa nini

Ha-Go ni kifaru chepesi cha Aina ya 95 cha jeshi la nchi kavu la Japani. Hiyo 95 imetoka kwenye kalenda yao ya kifalme, ambayo mwaka wetu wa 1935 ni 2595. Katika vifaru vyote vya Japani vya Vita vya Pili vya Dunia, hiki ndicho kilichotengenezwa kwa wingi zaidi: vilipita 2,000 kabla kazi haijasimama 1943, na mtengenezaji mkuu alikuwa Mitsubishi.

Chanzo chake ni malori. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 jeshi la Japani lilianza kupeleka askari wa miguu kwa malori, na malori yalikimbia kilomita 40 kwa saa. Kifaru walichokuwa nacho, Aina ya 89, kilikuwa kikijikokota kwa kilomita 25. Kila msafara ulipoondoka, vifaru vilibaki nyuma. Ndipo wakubwa wakaagiza kifaru chepesi kitakachokwenda sambamba na malori. Sampuli ya kwanza ya 1934 ilikuwa na tani 7.5, ikaonekana nzito, ikapunguzwa hadi 6.5. Kilichoingia vitani hatimaye kilikuwa na tani 7.4, mwendo wa kilomita 45 kwa saa, na deraya, yaani bamba la chuma la kujikinga, isiyozidi milimita 12. Naomba msomaji aikumbuke hiyo 12, maana karibu kila kilichowapata watu waliokaa ndani ya vifaru hivi kilianzia kwenye namba hiyo.

Wapanda farasi walikipenda tangu majaribio ya Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China. Askari wa miguu walilalamika kwamba deraya ni nyembamba. Wote wawili walikuwa na haki, na nataka kifaru changu kiwaonyeshe wanafunzi jinsi jambo hilo lilivyowezekana.

Natengeneza kwa ajili ya chumba cha historia cha shule ninakofundisha ufundi. Wanafunzi wanasoma kwamba wazee wetu walipigana Burma, lakini hawajui walikwenda kukutana na nini. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ilianza kushuka bonde la Kabaw kutoka upande wa Tamu mwezi Agosti 1944, katikati ya mvua, na Kiswahili kilikuwa lugha ya kambini. Miezi michache kabla, Machi mwaka huo huo, Ha-Go za Rejimenti ya 14 ya vifaru zilikuwa zimekutana na vifaru vya Lee vya Waingereza karibu na Tamu hiyo hiyo, zikateketezwa. Lee ilikuwa na deraya ya mbele ya milimita 51 na mzinga wa milimita 75. Ha-Go ilikuwa na mzinga wa milimita 37.

Kipimo nilichochagua ni moja kwa kumi. Kifaru halisi kina urefu wa mita 4.38 na upana wa mita 2.06, kwa hiyo changu ni sentimita 43.8 kwa 20.6. Kuna faida nyingine: deraya ya milimita 12 inakuwa milimita 1.2, ambayo ni bati la geji 18 kabisa, na paa na sakafu ya milimita 9 inakuwa geji 20. Uzito nao una hesabu yake. Ukigawa urefu kwa 10, uzito unagawanyika kwa 1,000, kwa kuwa umepunguza urefu, upana na kimo kwa pamoja. Tani 7.4 zinakuwa kilo 7.4. Nimejiwekea sharti kwamba kifaru kikimalizika kisizidi sana hapo. Mwenye kufuata kazi hii anaweza kuliacha sharti hilo, lakini mimi naona ndiyo roho ya kazi.

25 Januari 2025. Bati na bodi

Usinunue bati zima. Mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, wanauza mabaki ya geji 18 na 20 kwa kilo, na kilo sita zilinitosha kwa shilingi 18,000. Chora kwanza kwenye boksi gumu, kata, unganisha kwa gundi ya karatasi, zunguka nalo, litazame pande zote. Likikubali ndipo uhamishie kwenye bati.

Kukata geji 18 kwa mkasi wa mkono ni kuumiza mkono na kupindisha kingo. Nilimpelekea fundi mwenye mashine ya kukatia, shilingi 10,000 kwa vipande vyote vya kunyooka. Vyenye mviringo nilikata kwa msumeno wa chuma na kumalizia kwa tupa.

Ha-Go halisi ziliungwa kwa ribiti na bolti, kuchomelea kukiwa kidogo. Ribiti zina hasara vitani: risasi ikipiga nje, kichwa cha ribiti kinaweza kukatika na kuruka ndani. Mimi nimechomelea viungo kwa ndani, halafu kwa nje nimetoboa mistari ya matundu na kupachika misumari midogo ya mafundi viatu, vichwa vikabaki nje na mikia nikaikata na kuilehemu. Ni kazi ya uvumilivu. Usianze kupachika kabla ya kuchomelea, maana joto la kuchomelea linayeyusha lehemu na misumari inadondoka. Ubavu mmoja wa kifaru changu ulipoteza safu nzima kwa namna hiyo na ikabidi irudiwe.

16 Februari 2025. Tundu la mnara

Hapa pamenigharimu kipande kizima cha paa. Tundu la mnara lilikatwa katikati kabisa, kwa sababu mchoro niliokuwa nao ulionyesha ubavu tu na akili ilinituma kwamba mnara unakaa katikati. Picha za mbele zinaonyesha vingine. Mnara wa Ha-Go umesogezwa kushoto. Ubavu wa bodi umevimba kuelekea nje juu ya minyororo ili kuupa nafasi.

Ukishajua mpangilio wa ndani, sababu inaonekana. Injini iko nyuma upande wa kulia, ya Mitsubishi, dizeli ya silinda sita inayopozwa kwa hewa, nguvu za farasi 120. Dereva anakaa mbele kulia. Mwenzake mwenye bombomu, yaani bunduki ya rasharasha, anakaa mbele kushoto. Nafasi iliyobaki kwa mtu wa tatu, kamanda, ni ile ya katikati kuelekea kushoto, na mnara ukawekwa juu yake.

Dizeli inastahili kutajwa kwa wema. Wakati ule mataifa mengi yalitumia petroli kwenye vifaru vyao. Dizeli haishiki moto upesi, na injini inayopozwa kwa hewa haina rejeta ya kuganda kwenye baridi ya Manchuria wala ya kukaukiwa maji mahali pasipo kisima. Wahandisi wale walijua wanakipeleka wapi kifaru chao.

Kipande kipya cha paa, geji 20, kilitoka kwenye mabaki. Ushauri: kabla ya kutoboa tundu lolote, tafuta picha ya mbele, ya nyuma na ya juu. Ya ubavu pekee haitoshi.

8 Machi 2025. Springi

Hii ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote.

Mtindo wa magurudumu ya Ha-Go ulibuniwa na Tomio Hara, afisa mhandisi wa jeshi. Kila ubavu una magurudumu manne ya barabara, yamegawanywa jozi mbili. Kila jozi imeshikwa na mkono uliopinda kama kiwiko. Gurudumu likipanda juu ya jiwe, mkono unazunguka kwenye ekseli yake, na ncha yake ya juu inasukuma springi iliyolala ubavuni ndani ya bomba. Springi imelala, haikusimama. Kwa hiyo haili nafasi ndani ya bodi na haiongezi kimo. Ni ubunifu mwepesi, rahisi kutengeneza, na Wajapani waliutumia tena kwenye vifaru vingine vilivyofuata.

Mikono nimeikata kwenye chuma bapa cha milimita 4. Magurudumu amenikerezea fundi kwa alumini ya mabaki: manane ya barabara, manne madogo ya kubeba mnyororo kwa juu, na mawili ya nyuma. Na yale madogo ya ziada nitakayoyaeleza mbele. Yote kwa jumla shilingi 35,000.

Springi ndizo zilizosumbua. Springi za valvu za pikipiki ni ngumu mno kwa kilo saba: kifaru kilikaa juu yake kana kwamba hakina springi, na kila kokoto lilirusha bodi nzima. Springi za kalamu nazo zilikunjika zote mara moja, tumbo likagusa meza. Za kwenye pampu za kupulizia dawa zilikaribia kufaa lakini ni fupi. Mwisho fundi kereza aliniambia, "Mwalimu, acha kutafuta. Leta waya wa springi nikuviringie." Aliviringisha waya wa milimita 1.2 kwenye fimbo ya milimita 8, polepole, mashine ikizunguka kwa mwendo wa chini kabisa. Shilingi 3,000 kwa kila moja, nne zikatosha. Bodi sasa inashuka milimita chache ikibeba uzito wake na kurudi yenyewe.

Nikiwa na ule waya mkononi nilikumbuka Khalkhin Gol, mpakani mwa Mongolia, 1939. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Julai, Rejimenti ya 4 ya vifaru ya Japani, yenye Ha-Go, ilishambulia mizinga ya Wasovieti katikati ya radi na mvua, ikaingia hadi ndani ya safu zao. Kulipokucha mambo yalibadilika. Wasovieti walikuwa wametandaza waya mwembamba mgumu majanini, ukajisokota kwenye minyororo na magurudumu ya vifaru vya Kijapani hadi vikakwama, na mizinga ya milimita 45 ikavimaliza vikiwa vimesimama. Waya tu uliweza kusimamisha mashine ya tani saba.

29 Machi 2025. Minyororo, na kilo zilizozidi

Mnyororo wa kwanza ulikuwa wa pikipiki, mmoja kila upande, na vibati vya upana wa milimita 25 juu yake. Ulipendeza. Kifaru kilipopanda mizani kikaonyesha kilo 9.1.

Nikafikiria kupunguza bati la bodi niweke geji 24. Hapo nikajikuta mahali walipokuwa wahandisi wa 1934: kila kilo ina mwenyewe anayeitetea. Ukiiondoa kwenye deraya, kifaru kinakimbia na risasi inapita. Ukiiondoa kwenye mwendo, kinabaki nyuma ya malori na hakuna haja ya kukijenga. Wao walichagua malori. Mimi nimeamua deraya ibaki geji 18 kama ilivyokuwa, na uzito utafutwe kwingine.

Mnyororo wa pikipiki unakaribia kilo moja kwa mita. Wa baiskeli ni robo ya hapo. Nimeubadilisha. Minyororo miwili ya baiskeli kwa 12,000, na shilingi 24,000 za ile ya pikipiki zimekwenda na maji. Kwa mbele kuna gurudumu la meno: Ha-Go huvuta kwa mbele, si kwa nyuma. Nimetumia friwili ya baiskeli ya meno 16, nikaichomelea isizunguke bure.

Vibati ni geji 20, 40 hivi kwa kila mnyororo, vimelehemiwa kwenye pingili moja na kuruka moja. Lehemu ilikataa kushika siku nzima. Sababu ni grisi ya kiwandani iliyo ndani ya pingili: ukipasha moto inatoka na kusukuma lehemu. Loweka mnyororo kwenye mafuta ya taa usiku kucha, usugue kwa brashi ya waya, ukaushe, ndipo ulehemu. Ukimaliza utie oili tena, la sivyo utashika kutu wiki hiyo hiyo kwa hewa ya pwani.

Mota ni mbili za kupandishia vioo vya gari, kutoka kwenye skrepa, 15,000 kila moja. Kila mnyororo una mota yake, kwa hiyo ukizima mmoja kifaru kinageuka. Betri nimeiunga kwa seli za kompyuta za mkononi zilizotupwa, volti 12. Pima kila seli kabla ya kuiunga na usitumie iliyovimba.

Mizani sasa inasoma kilo 7.6. Nimeridhika.

20 Aprili 2025. Mashamba ya mtama, juu ya bati la migongo

Kwenye sakafu kifaru kilikwenda vizuri, sentimita 30 hivi kwa sekunde. Ukikigeuza kipimo, halisi kingekwenda mara nne zaidi ya hapo, lakini mota za vioo hazina mbio na sikuziongezea.

Nilikuwa nimesoma kwamba Ha-Go zilipofika kaskazini mwa Manchuria zilipata taabu kwenye mashamba ya mtama. Matuta yalipandwa kwa nafasi iliyolingana na nafasi ya magurudumu yake. Jozi nzima ilizama kwenye mfereji kwa pamoja, ikapanda kwa pamoja, na kifaru kikawa kinainama mbele na nyuma bila kutulia. Kamanda hawezi kulenga akiwa kwenye bembea.

Nikalaza bati la kuezekea la migongo sakafuni. Umbali kati ya mgongo na mgongo ni milimita 76, na kwenye kifaru changu unakaribiana sana na umbali wa magurudumu ndani ya jozi. Nikakiwasha kikatize migongo. Kilianza kuinama kwenye mgongo wa tatu. Kufika katikati ya bati pua ilikuwa inagonga chini na mkia unapanda, na kadiri kilivyokwenda ndivyo kilivyozidi. Wanafunzi waliokuwa wakitazama walinyamaza, maana waliona kwa macho yao jambo ambalo kwa maelezo lingechukua ubao mzima.

Dawa waliyoitumia wakati ule ni rahisi ajabu: gurudumu dogo katikati ya magurudumu mawili ya kila jozi. Magurudumu makubwa yakiwa mferejini, dogo linakuwa juu ya tuta na kubeba mnyororo. Nimeongeza madogo manne ya milimita 25, yale niliyoyataja kwa fundi kereza. Nimekipitisha tena juu ya bati lile lile. Bado kinatikisika, lakini hakiinami. Anayetengeneza aamue mapema anataka kifaru cha wapi: wenye kulenga Malaya au visiwa vya Pasifiki wasiweke hivi vidogo, wenye kulenga Manchuria waweke.

4 Mei 2025. Tope

Masika yalikuwa yamekolea na uwanja wa shule umegeuka matope. Nilikipeleka nje.

Kilikwenda, kikapunguza mwendo, kikasimama. Tope lilijaa kati ya mnyororo na meno ya mbele, mnyororo ukaruka. Marekebisho ni mawili. La kwanza ni kipande cha chuma kilichokunjwa, kimewekwa nyuma ya meno kama kikwangua. La pili ni bolti ya kusogeza gurudumu la nyuma ili kukaza mnyororo. Kwa sasa hauruki, lakini tope la mfinyanzi bado linakishinda.

Naomba mtu asichukue jaribio hili kama ushahidi wa kilichotokea vitani. Bati unaweza kuligawa kwa kumi, udongo hauwezi, na chembe ya tope kwa kifaru changu ni kubwa mara kumi kuliko inavyopaswa. Kilichotokea kwenye tope la kweli tunakijua kwa njia nyingine. Mwishoni mwa Agosti 1942 Wajapani walishusha Ha-Go mbili Milne Bay, Papua. Usiku zilikuja zimewasha taa kubwa, zikawapita Waaustralia waliokuwa K.B. Mission, kituo cha misheni cha hapo, na mabomu ya kunata waliyopewa kuzizuia hayakushika kwa sababu ya unyevu. Kwa usiku ule hawakuwa na cha kuzifanya. Siku chache baadaye zilionekana zimekwama kwenye tope, zimetelekezwa na wenyewe. Mashine iliyotoboa safu ya watu wenye silaha ilishindwa na barabara ya mvua.

7 Juni 2025. Mnara wa mtu mmoja

Mzinga nimeutengeneza kwa kipande cha aeriali ya redio. Tundu la milimita 37 likigawanywa kwa kumi ni 3.7, na aeriali za zamani zina kipande kinachokaribia hapo. Kuta za mnara ni geji 18 iliyokunjwa kwenye bomba la maji. Ikunje polepole, kidogo kidogo, na ukifika mwisho usiirudishe nyuma: bati likikunjwa na kukunjuliwa linabaki na mawimbi.

Halafu nikachonga mtu wa mbao, sentimita 16, viungo vyake vinakunjika. Huyu ndiye kamanda. Nimemkalisha ndani kabla ya kufunga paa, na nashauri kila mwenye kutengeneza kifaru hiki afanye hivyo, hata kama atamtoa baadaye.

Mzinga uko mbele yake. Anauelekeza kwa bega: kuna kiegemeo cha bega kinachomwezesha kuusogeza kidogo kulia na kushoto, juu na chini, mnara ukiwa umetulia. Hilo ni jambo zuri, linaharakisha kulenga. Lakini mtu huyo huyo ndiye anayepakia risasi. Ndiye anayezungusha mnara kwa mkono. Ndiye anayemwambia dereva aende wapi. Ndiye anayetakiwa kutoa kichwa nje aone adui yuko wapi na wenzake wako wapi, na vifaru vingi havikuwa na redio, kwa hiyo kuonana kulikuwa kwa macho na bendera. Bombomu ya mnarani haiko kando ya mzinga. Iko nyuma, upande wa kulia. Akitaka kuitumia mbele lazima azungushe mnara mzima, mzinga ugeukie nyuma.

Nimemkunja mtu wa mbao kwa kila kazi, moja baada ya nyingine, wanafunzi wakihesabu. Kila akishika kitu kimoja anaacha kingine. Mkono wa kupakia ukienda nyuma kuchukua risasi, bega linatoka kwenye mzinga. Jicho likienda kwenye darubini ya kulengea, hakuna anayeangalia pembeni. Hakuna tatizo la ustadi hapo. Hata kamanda hodari ana mikono miwili.

Bakri, Malaya, tarehe 18 Januari 1942, ndipo mnara huu na deraya hii vilipokutana na watu waliojiandaa. Siku 11 kabla, huko Slim River, vifaru vya kati vya Aina ya 97 pamoja na Ha-Go chache vilikuwa vimepasua ulinzi wa Waingereza kwa saa chache tu, gizani, barabarani. Waingereza hawakuwa na kifaru pale. Kwa hiyo kombania ya vifaru ya Kapteni Gotanda, Mjapani, ilipokuja na Ha-Go zake barabara ya Muar kwenda Bakri, ilikuja kwa mtindo ule ule: mstari mmoja, barabara moja, bila askari wa miguu pembeni. Waaustralia walikuwa wameweka mizinga ya milimita 40. Risasi zao za kutoboa deraya ziliingia ubavu huu na kutokea ubavu wa pili, na vifaru vikaendelea kwenda. Wakabadilisha, wakatumia zinazolipuka. Kombania yote iliishia hapo barabarani.

Nilipowasomea wanafunzi habari hiyo nilipitisha mkononi mwao kipande cha geji 18, halafu rula wakaona milimita 12 za kweli. Mmoja akauliza: "Sasa mwalimu, kwa nini waliwaingiza watu humo?" Nikamrudisha kwenye malori na China ya 1935, ambako adui alikuwa na bunduki na mizinga michache ya kupigia vifaru. Kwa kazi ile ilitosha. Kosa ni kuendelea kuituma kisiwa cha Peleliu, Pasifiki, mwezi Septemba 1944, kukatiza uwanja wa ndege mchana kweupe mbele ya vifaru vya Kimarekani vya Sherman na bazuka, wakati hata bombomu kubwa ya Kimarekani ya nusu inchi iliweza kuitoboa kwa karibu.

28 Juni 2025. Bitana ya ndani

Ndani ya Ha-Go kulikuwa na bitana ya asbesto, ili kuzuia joto la jua na kuwakinga watu wasijigonge kwenye chuma. Nimetumia vipande vya blanketi la zamani nililolipaka rangi ya kijivu.

Naandika hili kwa msisitizo: usitumie asbesto ya kweli. Mabati na dari za asbesto bado zipo kwenye majengo ya zamani ya miji yetu, na vipande vyake hutupwa ovyo. Usivikate, usivipige msasa, usimpe mtoto avishike. Vumbi lake linakaa mapafuni na huleta saratani miaka mingi baadaye.

Blanketi liliongeza gramu 90, nikazifidia kwa kutoboa matundu kwenye sakafu chini ya betri.

19 Julai 2025. Rangi

Rangi ya chini ni ile nyekundu ya kuzuia kutu. Usiiruke, kwa hewa ya chumvi bati litavuja kutu hata ndani ya kabati.

Juu yake nimefuata mtindo wa mwanzo wa vita: mabaka ya kaki, kahawia na kijani, na mistari ya njano inayokatiza juu ya mabaka. Vifaru vya baadaye havikuwa na mistari hiyo. Njano ya dukani ilikuwa inang'aa mno. Niliipunguza kwa kaki kidogo na tone la nyeusi. Mbele kuna nyota ya jeshi, nimeikata kwenye kipande cha shaba ya swichi ya umeme. Anayetengeneza kifaru cha wanamaji, kama vile vya Milne Bay, aweke nanga badala ya nyota.

Rangi ya kupulizia iliingia kwenye viungo vya mikono ya springi, vikaganda. Funga viungo kwa utepe kabla ya kupulizia. Vyangu nilivifungua kwa petroli na pamba, kimoja kimoja.

2 Agosti 2025. Gharama, na kilichobaki

Mabaki ya bati 18,000. Kukata 10,000. Kuchomelea 20,000. Misumari na lehemu 4,000. Kukereza 35,000. Springi 12,000. Minyororo ya pikipiki isiyotumika 24,000. Minyororo ya baiskeli 12,000. Mota 30,000. Betri, swichi na waya 22,000. Rangi 15,000. Mbao, blanketi na vidogo vidogo 8,000. Jumla shilingi 210,000. Atakayeanza na mnyororo wa baiskeli atatumia 186,000.

Kipo kwenye chumba cha historia, paa la mnara halijafungwa ili watu wamwone kamanda. Pembeni yake nimeweka ramani ya bonde la Kabaw, kutoka Tamu hadi Kalewa, mji ambao divisheni yetu iliuchukua mwanzoni mwa Desemba 1944.

Kuna kazi mbili bado. Mnara unazungushwa kwa kidole, nataka uwe na mkono wa kuzungushia ndani kama halisi, na gia za saa ya ukutani ndizo ninazozijaribu sasa. Pia mnyororo wa kushoto unalegea kila baada ya kutumika, kwa sababu bolti ya kukazia imechomelewa kwenye geji 20 na bati linapinda. Ukitengeneza chako, weka kipande cha chuma cha milimita 3 nyuma ya hiyo bolti tangu mwanzo.